Mwili Hautoi Ishara Bure



Msimu wa mitihani ukaribiapo katika vyuo vya uuguzi, nyumba nyingi zetu huijua khabari hiyo kabla ya kuambiwa. Taa ya chumba kimoja huwaka hata usiku wa manane, chai hupoa kikombeni, na sauti husikika ikisoma na kurudia, ikisoma na kurudia, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi. Katika nyumba moja ya namna hiyo tulialikwa chakula cha usiku hivi karibuni. Binti wa nyumba yu katika mwaka wa mwisho wa diploma ya uuguzi, na baada ya sala ya Isha aliketi ukumbini, daftari mapajani, akikariri dalili za mtu aliyepoteza damu nyingi: "Mapigo ya moyo huenda mbio, ngozi huwa baridi yenye unyevu, kiu huzidi, mkojo hupungua, mgonjwa huhangaika."

Bibi yake alikuwa pembeni akisuka ukili. Akainua uso, akauliza, "Mjukuu wangu, moyo ukienda mbio si mtu hupata joto? Mbona huyu wako yu baridi?"

Binti akalitazama daftari lake, akafunua ukurasa wa mbele na wa nyuma, kisha akasema kwa haya, "Bibi, kitabu ndivyo kisemavyo."

Hatukumcheka, wala hatukumlaumu, kwani sote tumepata kusoma kwa njia hiyo. Lakini swali la bibi yule lilitukaa moyoni, tukaona kwamba katika neno lake moja, "mbona", imo siri yote ya somo ambalo binti alikuwa akihangaika nalo. Basi mwezi huu tumeona vema tulitolee safu yetu somo hilo, kwa faida ya vijana wetu walio karibu na mtihani wa mwisho, na kwa faida ya wazazi ambao kesho au keshokutwa watalazwa mbele ya wauguzi hao hao.

Somo lenyewe huitwa patofiziolojia. Jina ni zito, bali maana yake ni nyepesi: ni elimu ya jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili, na jinsi mwili unavyojitetea. Anatomia hutuambia kiungo kiko wapi. Fiziolojia hutuambia kinafanya kazi gani. Patofiziolojia hutuambia kazi ile ikiharibika, nini hufuata. Wanafunzi wengi huliogopa kwa sababu hulisoma kama orodha ya majina, na orodha zenyewe ni nyingi, nazo zafanana. Tusemalo sisi ni hili: dalili za ugonjwa si orodha, ni mnyororo. Kila pete imeshikana na iliyotangulia. Ajuaye pete ya kwanza na sababu ya kuunganika kwake, ataifikia ya mwisho hata akisahau kitabu. Na ahifadhiye pete zilizokatika, siku moja ataiona dalili mbele ya macho yake wala asiijue.

Msingi wa mnyororo huo ni mizani. Mwaka 1926 mwanafiziolojia wa Kimarekani Walter Cannon aliipa jina la homeostasisi ile desturi ya mwili ya kuyashika mambo yake ya ndani katika kiasi chake: joto lizunguke nyuzi 37, maji yasizidi wala yasipungue, sukari na asidi ya damu zisivuke mipaka. Kitu kikisukuma mizani upande mmoja, mwili husukuma upande wa pili. Basi nyingi katika zile tuziitazo dalili za ugonjwa, kwa kweli ni juhudi za mwili kuirudisha mizani. Mwanafunzi akilishika neno hili, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo twamshauri kila mtahiniwa, afunguapo ukurasa wa ugonjwa wowote, asianze na dalili. Aanze na maswali manne, na ayafuate kwa taratibu hii: Nini kimeharibika? Mwili unajiteteaje? Dalili ipi yatokana na uharibifu, na ipi yatokana na utetezi? Na muuguzi afanye nini, kwa sababu gani? Na tuyajaribu maswali haya katika mambo matano ambayo hayakosekani katika mitihani, wala hayakosekani katika nyumba zetu.

La kwanza ni homa. Kila mama amepata kuona ajabu hii: mtoto anachemka kama jiko, naye analia kwamba anasikia baridi na meno yagongana. Sababu yake ni kwamba ubongoni, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna kipimo kinachopanga joto la mwili. Vijidudu viingiapo, chembe za kinga hutoa kemikali ambazo mwishowe hukipandisha kipimo hicho, tuseme kutoka 37 hata 39. Tangu hapo mwili wenye nyuzi 37 hujiona una baridi, kwa kuwa umepungukiwa na nyuzi mbili. Hubana mishipa ya ngozi ili joto lisipotee, na hutetemesha misuli ili joto lizaliwe. Kipimo kikishuka, kwa dawa au kwa kupona, mambo hugeuka: mwili hujiona una joto kupita kiasi, mishipa ya ngozi hufunguka, jasho hutoka. Ajuaye haya hatammwagia maji ya baridi mtoto atetemekaye, maana atamzidishia kutetemeka. Wala hataridhika na kushusha joto pasipo kutafuta lililolipandisha. Katika nchi zetu atakumbuka kwamba homa yataka kupimwa malaria, na kwamba mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu akipata homa hapelekwi kesho, hupelekwa hospitali saa ile ile.

La pili ni inflamesheni, yaani ule mwako na uvimbe wa mahali palipojeruhiwa au palipoingiwa na vijidudu. Celsus wa Roma, katika karne ya kwanza ya Miladi, alizitaja alama zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu, na ya tano, kupotewa na kazi kwa kiungo, iliongezwa baadaye. Wanafunzi huzihifadhi tano zote kwa urahisi, lakini mtahini akiuliza sababu zake, kalamu husimama. Sababu yenyewe ni fupi. Chembe zilizoko mahali pale hutoa histamini na wenzake. Mishipa midogo hupanuka, damu nyingi ikaja, ndipo pakawa pekundu na moto. Kisha kuta za mishipa huacha nafasi, maji yenye protini na chembe nyeupe yakapita kwenda vitani, ndipo pakavimba. Uvimbe na kemikali hizo huchochea neva, ndipo pakauma. Na kiungo kiumacho hakitumiki. Alama tano, mnyororo mmoja.

Lakini mtahiniwa asiishie hapo. Ajiulize: je, kama kupanuka huku kwa mishipa hakukubaki kidoleni, bali kumeenea mwili mzima? Hapo damu ni ile ile, lakini nyumba yake imekuwa kubwa kupita kiasi, na shinikizo huanguka. Hiyo ndiyo hatari ya maambukizo yaliyoushinda mwili, ambayo waganga huyaita sepsisi. Na kwa kuwa mishipa imefunguka, ngozi ya mgonjwa huyo mwanzoni yaweza kuwa na joto. Tulikumbuke neno hili, maana tutalihitaji.

La tatu ni uvimbe wa maji, ambao vitabu huuita edema. Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Starling alieleza kwamba maji yaliyomo katika mishipa midogo yavutwa na nguvu mbili: shinikizo la damu linayasukuma nje, na protini za damu, hasa albumini, zinayashika ndani. Yale yapitayo kiasi huokotwa na mishipa ya limfu na kurudishwa. Basi milango ya uvimbe ni minne tu. Ama shinikizo limezidi, kama moyo unaposhindwa kusukuma. Ama protini zimepungua, kama figo mbovu zinapozimwaga katika mkojo au ini linaposhindwa kuzitengeneza. Ama kuta za mishipa zimelegea, kama katika mtu aliyeungua moto. Ama njia za limfu zimezibwa. Mlango huu wa nne watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa, kwani wamewaona wazee wenye matende, ambayo chanzo chake ni minyoo midogo iletwayo na mbu, ikakaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu. Mguu wa matende na mguu wa mgonjwa wa moyo yote imevimba, lakini mlango si mmoja, wala tiba si moja.

Na hapa kuna swali ambalo watahini hulipenda: kwa nini moyo ukishindwa upande wa kushoto mgonjwa hukosa pumzi, na ukishindwa upande wa kulia huvimba miguu? Jibu lake liko katika safari ya damu. Damu itokayo mwilini huingia upande wa kulia wa moyo, hupelekwa mapafuni, hurudi upande wa kushoto, ndipo husukumwa mwilini. Safari hii ya mapafu ilielezwa na Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka Sham akafanya kazi Cairo, aliyefariki mwaka 1288. Wakuu wa tiba waliomtangulia walishikilia kwamba damu hupenya katika matundu ya ukuta ulio katikati ya moyo. Yeye akasema ukuta ule hauna tundu, na kwamba damu haina budi kupita mapafuni. Maandiko yake hayo yalikaa bila kutazamwa sana hata mwaka 1924, alipoyatambua tabibu mmoja wa Kimisri katika maktaba ya Berlin. Basi mwanafunzi na aichore njia hiyo kwa mkono wake, kisha aweke kizuizi. Akizuia kushoto, ataona damu ikirundikana nyuma yake, mapafuni, maji yakaingia penye pumzi. Akizuia kulia, ataona ikirundikana mwilini, na kwa mtu asimamaye, maji huteremkia miguuni. Hatahitaji tena kuhifadhi orodha mbili. Na ataelewa kwa nini mgonjwa wa moyo hukalishwa wima kitandani na kupimwa uzito kila asubuhi: lita moja ya maji ni kilo moja ya uzito, na mizani huyaona maji kabla ya jicho.

La nne ni kisukari kikali, pale mwili ukosapo insulini kabisa. Insulini ndiyo ifunguayo njia ili sukari iingie katika misuli na mafuta ya mwili. Isipokuwapo, sukari hujaa katika damu ilhali chembe zina njaa, kama mtu ashindaye na njaa mlangoni pa ghala lililofungwa. Tuufuate mnyororo. Sukari ya damu ipitapo takriban milimoli 10 kwa lita, figo hazimudu kuirudisha yote, ikamwagika katika mkojo, nayo haiendi peke yake, huvuta maji. Ndipo mgonjwa akakojoa sana. Na kwa kuwa amekauka, akawa na kiu isiyokatika. Chembe zenye njaa huagiza mafuta yayeyushwe, na katika kuyeyushwa huko huzaliwa ketoni, ambazo ni asidi. Damu ikiwa na asidi, mapafu hujaribu kuitoa kwa njia ya hewa, mgonjwa akavuta pumzi ndefu na nzito. Pumzi hiyo Mjerumani Adolf Kussmaul aliieleza mwaka 1874, nayo hubeba harufu ya matunda yaliyoiva mno. Jamaa wa nyumbani waweza kudhani ni pumu, na muuguzi asiyejua mnyororo aweza kudhani vivyo hivyo. Lakini mapafu ya mgonjwa huyu hayana kosa; yanalipa deni la kongosho.

Na mtego wa mtihani uko katika potasiamu. Mgonjwa huyu amekwisha kupoteza potasiamu nyingi katika mkojo, lakini akipimwa damu yaweza kuonekana ni ya kawaida au imezidi, kwa kuwa imetoka ndani ya chembe na kukaa nje. Insulini ikianza kuingia mshipani, huirudisha ndani ya chembe kwa haraka, na ile iliyobaki katika damu ikashuka hata moyo ukapotewa na mwendo wake. Ndiyo maana hupimwa kabla ya insulini kuanza, na hupimwa tena na tena baada yake. Kabla ya mwezi Januari 1922, ambapo kijana wa miaka 14 huko Toronto alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini kwa tiba, maradhi haya kwa watoto yalikuwa hukumu ya mauti. Dawa imepatikana, lakini dawa bila ya maarifa ni kisu mkononi mwa mtoto.

Na sasa twafika penye swali la bibi.

Tuseme mfano. Nyumba fulani imepatwa na upungufu wa fedha. Baba mwenye haya hatangazi mtaani. Kwanza atapunguza yasiyo ya lazima: nguo mpya hapana, safari hapana, matengenezo ya ukuta yangoje. Fedha iliyobaki yote ataielekeza katika chakula cha watoto. Jirani apitaye nje ataona mlango umefungwa vizuri na watoto wanakwenda shule, atasema nyumba ile ina neema. Lakini aingiaye jikoni ataona sufuria zimepungua. Siku baba ashindwapo, nyumba huanguka kwa ghafula mbele ya watu, nao husema, "Jana tu walikuwa wazima!" Hawakuwa wazima. Walikuwa wakijisitiri.

Mwili uliopoteza damu hufanya vivyo hivyo. Mtu mzima wa kiasi ana lita 5 hivi za damu. Shinikizo likianza kulegea tu, vipimo vilivyomo katika mishipa ya shingo na juu ya moyo hupeleka khabari ubongoni. Ubongo huamrisha adrenalini na wenzake. Moyo huenda mbio ili damu kidogo izunguke mara nyingi. Mishipa ya ngozi na ya matumbo hubanwa ili damu ibakie kwa moyo na ubongo wenyewe. Ngozi iliyonyimwa damu hukosa joto, na amri hiyo hiyo huamsha matezi ya jasho. Basi bibi, huyu yu baridi kwa sababu mwili umemnyima ngozi ili kumlisha ubongo. Figo nazo huamriwa kuzuia maji, mkojo ukapungua chini ya mililita 30 kwa saa. Na kiu huamshwa ili maji yaongezwe. Wasiwasi wa mgonjwa ni adrenalini ikipiga kelele. Hali hii ikizidi, viungo vikakosa damu ya kuwatosha, ndiyo iitwayo mshtuko katika lugha ya tiba, nayo si mshtuko wa hofu. Na sasa mwanafunzi aona mbona yule wa sepsisi aweza kuwa na joto na huyu ni baridi: kule mishipa imefunguka, huku imefungwa.

Lakini la kuogopesha ni hili. Mtu mzima mwenye afya aweza kupoteza zaidi ya mililita 750, hata kukaribia mililita 1,500, na namba ya juu ya shinikizo lake ikabaki kama ya mtu mzima wa afya. Mapigo yamevuka 100, ngozi imepoa, namba mbili za shinikizo zimesogeleana, lakini ile ya juu bado yasoma vizuri. Ni mlango uliofungwa vizuri wa nyumba yenye njaa. Shinikizo likishaanguka, maana yake ni kwamba hila zote zimekwisha.

Na hakuna mahali ambapo jambo hili lina uzito kama katika chumba cha wazazi. Mama mwenye mimba huongezewa damu na mwili wake, wapata theluthi moja na zaidi, kwa hiyo husitiri upungufu kwa muda mrefu kuliko wengine. Na mimba ikitimia, mji wa mimba hupokea damu zaidi ya nusu lita kwa kila dakika. Kondo la nyuma litokapo, kinachoziba mishipa ile ni misuli ya mji wenyewe kukaza kama kamba. Isipokaza, au kibofu kilichojaa mkojo kikiizuia, hesabu ya dakika chache ni hesabu ya uhai.

Tumfikirie mama aliyejifungua saa moja iliyopita. Mapigo yake ni 118, shinikizo ni 108 juu ya 82, mikono ya baridi, aomba maji, hatulii. Muuguzi aliyehifadhi kwamba "mshtuko ni shinikizo kushuka" atatazama 108, ataandika "hali nzuri", atamfunika shuka alale. Muuguzi ajuaye kwa nini ataona kwamba mapigo yamepita namba ya juu ya shinikizo, atafunua shuka atazame damu, atalisinga tumbo ili mji ukaze, ataita msaada, atahakikisha kibofu ki tupu, na dawa zitaanza: oksitosini ya kuukaza mji, na asidi ya traneksamiki, ambayo yafaa itolewe mapema wala isipite saa 3 tangu kujifungua. Mgonjwa ni mmoja, namba ni zile zile, chuo ni kile kile. Tofauti ni neno "mbona".

Wala haya si maneno yetu tu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, ambamo damu ya mama baada ya kujifungua ilikusanywa katika mfuko wenye vipimo badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote zikatolewa pamoja bila kungoja moja ishindwe. Matukio ya kutoka damu kwa hatari yalipungua kwa asilimia 60. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wahudumu wasingoje damu ifike mililita 500 kama ilivyokuwa ada. Ikifika 300 na kuna alama ya mwili isiyo ya kawaida, kama mapigo kuvuka 100, waanze kazi. Tazama, ndugu msomaji, jinsi mwongozo wa dunia nzima ulivyosimama juu ya mnyororo ule ule ambao binti wetu alikuwa akiukariri pasipo kuuelewa.

Basi tuwaambie nini watahiniwa wetu katika siku zilizobaki? Kwanza, kila siku chukua magonjwa mawili tu, funga kitabu, na kwa kalamu yako chora mnyororo kutoka chanzo hata dalili, na ubavuni mwa kila dalili andika kazi ya muuguzi. Penye pete iliyokosekana ndipo penye kusomwa tena, wala usipoteze saa katika unayoyajua. Pili, linganisha yafananayo: mshtuko wa damu na wa sepsisi, moyo wa kushoto na wa kulia, pumzi ya pumu na pumzi ya ketoni. Mitihani mizuri haiulizi jina la ugonjwa. Humleta mgonjwa na namba zake, ikauliza utaanza na lipi. Tatu, usome mwendo wa namba, si namba moja. Mapigo 84, kisha 98, kisha 112, ni kisa kinachosimuliwa. Namba ya mwisho peke yake ni neno lililokatwa katika sentensi. Nne, lala. Akili isiyolala husoma mistari wala haishiki maana.

Na wazazi, msidhani kwamba kwa kuwa hamkusoma uuguzi hamna la kusaidia. Bibi yule hakusoma, na swali lake lilikuwa bora kuliko mengi tuliyoyaona katika karatasi za mazoezi. Mwacheni mtoto awafundishe. Mkae mkekani baada ya chakula, mmwulize kwa nini, na akisema "kitabu ndivyo kisemavyo", mmwulize tena kwa upole. Aelezaye jambo hata likaeleweka na mtu asiyelisoma, amelijua. Tena mmpunguzie kazi za nyumba kwa siku hizi chache, awe binti au mvulana, na mmlinde na maneno ya kumtisha kuhusu ada mliyolipa.

Usiku ule hatukuondoka mapema. Binti aliweka daftari chini, akachukua kipande cha karatasi, akachora moyo, mishipa na ngozi, akaanza kumweleza bibi yake pete baada ya pete. Alikwama mara mbili, akarudi kitabuni mara mbili. Mwishowe bibi akauweka ukili wake chini, akasema, "Sasa nimefahamu. Huyo mgonjwa wako, nikimgusa mkono ukawa wa baridi, nisingoje aanguke."

Binti akasema, "Ndiyo, bibi. Usingoje."

Mtihani ni wa siku chache, na Insha Allah atafaulu. Lakini maneno hayo mawili ndiyo tunayomtakia ayakumbuke usiku fulani wa mbali, wodini, akiwa peke yake na wagonjwa wengi, na shinikizo la mama mmoja likisoma vizuri.

Wassalaam.